Kabati la Gari Lipimwe Ndani ya Gari

Msikilizaji wangu, mada ya leo huenda ikakushangaza kidogo. Nataka tuzungumze kuhusu makabati, na si ya jikoni wala ya chumbani. Nazungumzia makabati yanayojengwa ndani ya gari: Hiace, Coaster au Land Cruiser iliyotolewa viti vya nyuma, ikawekwa kitanda, jiko dogo, droo za nguo na pipa la maji, mwenyewe akaweza kusafiri nayo na kulala humohumo. Hoja yangu ni moja. Nitaisema sasa, na nitairudia kabla hatujaagana: kabati la gari lipimwe, lichorwe na lijaribiwe ndani ya gari lenyewe, na lifanywe na fundi anayeijua mbao. Ukilitengeneza nje kama kabati la nyumbani kisha ukalisukumiza ndani, umepoteza mbao, umepoteza nafasi, na umejiwekea hatari nyuma ya kichwa chako.

Huenda unajiuliza, kwa nini jambo hili tulizungumzie Morogoro? Tazama mji wetu ulipokaa. Ukitoka Dar es Salaam, baada ya kilomita zipatazo 190 unafika hapa, na hapa njia zinagawanyika: moja inakwenda Dodoma, nyingine inakatisha katikati ya Hifadhi ya Mikumi kuelekea Iringa, Mbeya na Zambia. Ukipita Bigwa, ukashuka Matombo na Mvuha hadi Kisaki, unafika kwenye mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyotengwa kutoka Selous mwaka 2019. Ukienda Kilombero, unaikuta Udzungwa. Magari ya watu wanaolala safarini yanapita hapa, na mengine yanaharibikia hapa. Lakini usidhani nawazungumzia watalii peke yao. Mtafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine anayekwenda kijijini wiki mbili na vifaa vyake, gari la kliniki tembezi lenye dawa na sindano, gari la wagonjwa, mfanyabiashara anayezungukia magulio akiwa na duka zima nyuma ya kiti chake: wote hawa wanahitaji kitu kilekile. Wanahitaji makabati yanayokaa imara ndani ya chombo kinachotembea.

Sasa tuingie ndani ya gari. Simama katikati ya Hiace iliyotolewa viti, uangalie. Utaona mstari ulionyooka wapi? Ukuta unaanzia sakafuni, unapanda, kisha unainamia ndani kadiri unavyokaribia paa. Paa nalo limeinuka katikati. Nyuma kuna nundu mbili juu ya matairi, na kila baada ya hatua fupi kuna nguzo ya chuma iliyochomoza. Na gari lenyewe, kama magari yetu mengi, limekuja Tanzania likiwa limeshatumika, mara nyingi kutoka Japani. Huenda liliwahi kugongwa ubavu likanyooshwa. Kwa hiyo upande wa kulia na wa kushoto huenda zisilingane, hata kama kwa macho zinaonekana mapacha. Fundi anayepima upana mara moja tu, sakafuni, akaenda karakanani akakata mbao za pembe nne, atarudi na kisanduku ambacho ama hakiingii juu, ama kinaacha pengo kubwa chini.

Pengo hilo si jambo dogo. Hiace nyembamba, ile iliyozoeleka zaidi barabarani kwetu, kwa nje ina upana wa chini kidogo ya mita 1.7. Ukitoa unene wa kuta, mtu mzima hawezi kujinyoosha kwa kukingama; lazima kitanda kifuate urefu wa gari. Katika nafasi finyu namna hiyo, ukiacha sentimita nane nyuma ya kabati la kulia na nane nyuma ya kabati la kushoto, umetupa sentimita 16. Hizo ndizo zingekupa njia ya kupitisha miguu, au godoro pana kidogo. Nyumbani pengo nyuma ya kabati hulioni wala halikusumbui. Ndani ya gari unalilipia kila usiku.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wazuri wa nyumba hulisahau wanapoingia kwenye gari. Wamezoea pima maji na timazi, na ni haki yao, kwa kuwa nyumba haihami. Lakini gari limesimama juu ya springi na matairi, pengine kwenye kiwanja chenye mteremko chini ya mwembe. Ukinyoosha rafu kwa pima maji hapo, umeinyoosha kwa kiwanja kile tu. Kesho gari likihama, rafu yako itaonekana imelala upande, na milango itafunguka yenyewe. Fundi wa gari achague kitu kimoja ndani ya gari kiwe msingi wa vipimo vyake vyote, na kwa kawaida kitu hicho ni sakafu. Kutoka sakafuni ndipo apandishe kona mraba, na kila urefu na kila pembe vihesabiwe kutoka hapo.

Je, ukuta uliopinda unapimwaje? Hapa hakuna siri, kuna subira. Unachukua boksi gumu au plaiwudi nyembamba isiyo na thamani, unaisimamisha karibu na ukuta, kisha unashika bikari au kipande kidogo cha mbao chenye penseli, unakitambaza ukutani kutoka chini hadi juu. Penseli inaacha mstari unaofuata kila bonde na kila nundu ya bodi. Unakata, unajaribu, unapunguza, unajaribu tena. Ukiridhika, hiyo ndiyo patani yako, na sasa ndipo unaigusa mbao ya fedha. Tena ufanye hivyo kwa kila kipande kinachosimama, kulia na kushoto, bila kudhani kwamba patani moja itatosha pande zote.

Na kazi hii haikuja na mtalii. Pwani yetu imeijua tangu kale. Mafundi wa majahazi wa Lamu, Pemba na Kilwa hawakulazimisha mbao iliyonyooka ikae kwenye tumbo la chombo lililopinda. Walitafuta tawi au shina lililojipinda lenyewe, wakalichonga kwa tezo likawa taruma, yaani mbavu ya chombo, wakalijaribu, wakalitoa, wakalichonga tena hadi likalala sawasawa juu ya mbao za ubavuni. Taruma la mahali hapa halifai mahali pale, hata ndani ya jahazi lilelile. Walifanya hivyo kwa sababu walijua bahari itakitikisa chombo, na kila palipo na mwanya ndipo patakapoanza kuachia. Fundi wa Morogoro anayejenga ndani ya Hiace anakabiliwa na tatizo hilohilo, ila mawimbi yake ni ya vumbi na kokoto.

Ndiyo, barabara. Ukipandia Sangasanga kwenda Mgeta milimani, au ukishika njia ya Kisaki, kuna sehemu ambazo udongo umejikunja vijituta vidogo vidogo vinavyofuatana bila kikomo. Gari halirukiruki sana pale. Linatetemeka, mtetemo wa haraka usiokoma. Mtetemo huo ndio adui wa kabati. Msumari unachomoka taratibu. Skrubu iliyoingia kwenye MDF, ule ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, inasaga tundu lake hadi inazunguka bure. Kiungo kilichogandishwa kwa gundi peke yake kinapasuka. Kwa hiyo mbao ishikane na mbao kwa ulimi na tundu, pamoja na gundi, pamoja na skrubu. Na kabati zima lishikwe kwa bolti na nati kwenye nguzo za bodi na sakafuni, kamwe lisishikwe kwenye bati jembamba la ukuta. Droo ziwe na komeo, milango iwe na komeo. Fikiria kabati la kilo 60 ambalo halijafungwa, gari linakwenda kasi, ng'ombe anakatisha barabara, dereva anakanyaga breki. Gari linasimama. Kabati halisimami.

Nimeitaja MDF, basi tuseme neno juu ya vifaa. Watu wanaipenda kwa kuwa ni laini, inapakwa rangi vizuri, na maduka yanayo. Lakini ina kasoro mbili. Ya kwanza ni uzito: ubao mmoja wa futi nane kwa nne, wa milimita 18, una uzito wa karibu kilo 40. Plaiwudi ya msaindano ya milimita 12, ukubwa uleule, ni karibu nusu ya hapo. Kama kazi yako itakula mbao nane, tofauti ni kama kilo 160, yaani watu wazima wawili na mizigo yao, ambao utawabeba kila unapopanda mlima na kuwalipia mafuta. Kasoro ya pili ni maji. MDF ikinyonya maji inavimba, na ikivimba hairudi.

Hapa kwenye Milima ya Uluguru maji hayatoki kwenye mvua peke yake. Mjini tuko mita zipatazo 500 juu ya usawa wa bahari, na joto lake tunalijua. Milima iliyo juu yetu inapita mita 2,600 pale Kimhandu. Upande wa mashariki, sehemu za juu hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka. Mtu anaweza kuondoka mjini mchana, gari likiwa limechemka juani kiasi cha kulainisha gundi nyeupe, na usiku akalala Nyandira, juu milimani, akijifunika blanketi. Watu wawili wakilala ndani ya gari lililofungwa, pumzi zao zinagusa bati la baridi na kugeuka matone. Matone yanateremka ukutani, nyuma ya kabati, mahali usipopaona. Ndiyo maana kufuata umbo la ukuta hakuna maana ya kuubana. Fundi mzuri hufuata umbo kwa usahihi, kisha huacha upenyo mwembamba ulio sawa kutoka juu hadi chini, na matundu ya hewa mgongoni mwa kabati. Hupaka vanishi pande zote za ubao, hata upande usioonekana, hata kwenye kingo zilizokatwa. Na akitumia mbao nzima badala ya plaiwudi, hukumbuka kwamba mbao karibu haiongezeki kwa urefu, huongezeka na kupungua kwa upana. Basi mlango mpana wa mbao nzima ataujenga kwa fremu na paneli isiyogandishwa, ili paneli ipumue ndani ya fremu.

Nisipite bila kulitaja jiko. Mtungi mdogo wa gesi, ule wa kilo sita, unaingia vizuri chini ya meza. Lakini gesi hii ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, inajaa chini. Kabati la mtungi liwe peke yake, lisipitishe hewa kuelekea kitandani, na liwe na tundu sakafuni linalotoka nje ya gari. Tundu la juu halikusaidii. Vitu vizito vyote, maji na betri na mtungi, vikae chini, karibu na ekseli, vikigawanywa kulia na kushoto. Rafu za juu ziwe za nguo na mikate.

Sasa najua baadhi yenu mnanipinga kimoyomoyo, na mnayo haki. Wa kwanza anasema: kazi hiyo ni ghali. Fundi atakaa siku nyingi ndani ya gari langu akipima na kukata maboksi, wakati kabati la tayari lipo dukani na kamba ipo. Ni kweli, ufundi wa kupima una gharama, na sitakuambia kwamba hauna. Lakini hesabu vizuri unachokinunua dukani. Kabati la nyumbani limetengenezwa kusimama mahali pamoja. Miguu yake, bawaba zake na mgongo wake wa ubao mwembamba havikukusudiwa kutetemeka. Ukilifunga kwa kamba, unalizuia lisianguke, hulizuii lisiachie viungo. Utanunua tena, na safari hii utanunua pamoja na vyombo vilivyovunjika.

Mwingine anasema: kwa nini nisichukue michoro ya tayari kutoka kwenye intaneti? Michoro ipo, na mingi ni mizuri. Sehemu kubwa imechorwa kwa magari ya Ulaya kama Fiat Ducato na Mercedes Sprinter, ambayo kuta zake zinasimama wima zaidi na upana wake ni mkubwa kuliko Hiace yetu. Ichukue kwa mawazo: droo ikae wapi, kitanda kikunjwe vipi. Usiichukue kwa vipimo.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliheshimu zaidi. Mwenye gari anasema: gari langu lina kazi nyingi. Jumatatu hadi Ijumaa linabeba abiria au mboga, na sikukuu ndiyo nataka kwenda nalo Mikumi na familia. Nikilijengea makabati, nimelifunga. Huyu ana hoja, na jibu lake limekuwapo kwa zaidi ya miaka 70. Mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ya Ujerumani ilitoa seti ya samani za mbao kwa ajili ya basi dogo la Volkswagen, na samani hizo zilikuwa za kutoa na kurudisha. Zilitengenezwa kwa umbo la gari lile, lakini hazikuwa za kudumu ndani yake. Hata kwetu inawezekana. Fundi anapima na kuchonga kwa patani kama tulivyosema, ila anagawa kazi katika vipande vitatu au vinne vinavyobebwa na watu wawili, kila kimoja kikishikwa kwa bolti kwenye sehemu zilizoimarishwa sakafuni. Jumapili jioni unafungua bolti, Jumatatu asubuhi unapakia kabichi. Tena kipimo cha kweli ndicho kinachowezesha hayo: kipande kilichokaa sawasawa hurudi mahali pake bila kulazimishwa, na kilichokaa ovyo kila mara hugombana na tundu la bolti.

Wapo pia watakaouliza kuhusu miti. Je, tunataka watu waende Uluguru wakakate mninga na mkongo kwa ajili ya starehe za magari? Hapana, na nalisema kwa uzito wote. Misitu ya Uluguru ni chanzo cha Mto Ruvu, na Dar es Salaam inakunywa maji hayo. Lakini kazi hii haihitaji gogo kubwa la msitu wa asili. Kabati la gari linajengwa kwa vipande vifupi na vyembamba, na hivyo ndivyo mashamba ya miti yanavyovitoa kwa wingi. Msaji, ambao wengi mnauita mtiki, uko Mtibwa katika Wilaya ya Mvomero, uko Kilombero. Mashamba hayo hupunguza miti midogo ili mikubwa inenepe, na magogo hayo membamba hayatoi mbao pana za meza, lakini yanatosha kabisa kwa fremu ya kabati la Hiace. Msaji hausumbuliwi sana na unyevu wala mchwa. Fremu ya msaji, paneli za plaiwudi ya msaindano: mkoa wetu na majirani zetu wa Nyanda za Juu Kusini wanavyo vyote viwili. Ukinunua, dai mbao iliyogongwa alama ya nyundo, na hati zake. Usimruhusu fundi akuletee mbao isiyojulikana ilikotoka.

Na ufundi? Morogoro haianzi sifuri. Pale Mazimbu, wapigania uhuru wa Afrika Kusini walipojenga Chuo cha Solomon Mahlangu kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, walianzisha na kiwanda cha samani, wakakipa jina la Vuyisile Mini. Vitanda, meza na makabati ya jumuiya ile vilitengenezwa palepale, kwa nafasi na mahitaji ya palepale. Mwaka 1992 walitukabidhi majengo, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Chuo hicho kina wataalamu wa sayansi ya mbao. Chuo cha ufundi stadi cha VETA kiko Kihonda. Maseremala wapo kila mtaa, na wachomeleaji wa kutengeneza mihimili ya sakafu wapo jirani yao. Kinachokosekana ni hawa watu kukutana ndani ya gari moja. Arusha walifanya hivyo kwa upande wa bodi: karakana zao zinarefusha Land Cruiser na kuinua mapaa kwa ajili ya watalii, na kazi hiyo inalisha familia nyingi. Sisi tuna mlango wa Mikumi, wa Udzungwa na wa Nyerere. Sioni sababu ya gari la kulala safarini kwenda kutengenezewa makabati Nairobi au Johannesburg ilhali linapita mbele ya karakana zetu.

Basi msikilizaji, narudia kama nilivyoahidi: kabati la gari lipimwe ndani ya gari. Walimu wa useremala, naomba mwaka huu ingizeni bodi moja ya Hiace iliyokufa kwenye karakana ya chuo, iwe darasa. Wape vijana boksi, bikari na penseli, na msiwape mbao mpaka patani imekaa. Na wewe mwenye gari unayetaka kazi hii, kabla hujanunua hata ubao mmoja mpeleke fundi akae ndani ya gari lako nusu siku, kisha umwombe akuonyeshe patani ya upande wa kulia na ya upande wa kushoto. Akikuletea moja kwa pande zote mbili, tafuta fundi mwingine.